Benchi la mabibi wa Mbare

Benchi lenyewe ni la mbao, la kukaa watu wawili kwa nafasi, watatu kwa kubanana. Limewekwa nje, katika eneo la kliniki, hatua chache kutoka kwenye foleni ya wagonjwa. Upande mmoja ameketi bibi mwenye mvi. Upande wa pili ameketi mwanamke aliyefika kliniki akilalamika kuwa kichwa kinamgonga na usingizi umemhama. Hawakukabiliana kama mshtakiwa na hakimu. Wamekaa ubavu kwa ubavu, macho yao yanaelekea upande mmoja, na bibi hana haraka.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda Mbare, mtaa mkongwe wa jiji la Harare nchini Zimbabwe, unaojulikana kwa soko lake kubwa la Mbare Musika na kituo cha mabasi ya mikoani. Hapo ndipo ulipoanzia, mwaka 2006, mpango uitwao Benchi la Urafiki. Kwa Kishona huitwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana ushauri. Neno kupana lililomo ndani ya jina hilo, msomaji wa Kiswahili atalitambua bila mkalimani.

Watu wengi wakizungumzia furaha huanza na mahubiri: shukuru, tabasamu, acha kuwaza, badili mtazamo. Aliyelemewa na shida husikia maneno hayo, akaitikia kwa kichwa, kisha akarudi nyumbani na mzigo uleule. Mabibi wa Mbare walianzia kwingine. Walianza kwa kukaa chini na kusikiliza.

Habari yenyewe ina chanzo cha uchungu. Mwaka 2005 Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa akifanya kazi Harare. Wenzake wa fani hiyo katika nchi nzima walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo msichana wa miaka 26 aliyeishi zaidi ya kilomita 200 kutoka hospitalini. Hali ilipomzidi, mama yake na daktari walikubaliana aletwe Harare. Siku zikapita, hakuonekana. Kisha simu ikaja: msichana amejiua. Chibanda alipouliza kwa nini hawakuja kama walivyopanga, mama akamjibu kwamba hawakuwa na dola 15 za nauli ya basi.

Jibu hilo lilimkaa daktari moyoni. Alikuwa amesomea taaluma yake miaka mingi, dawa alikuwa nazo, nia alikuwa nayo, lakini vyote alikuwa amevifungia ndani ya jengo moja na kusubiri wagonjwa wamfuate.

Mwaka huohuo Zimbabwe ilikuwa imepitia jambo jingine zito. Kuanzia mwezi Mei 2005 serikali iliendesha operesheni ya bomoabomoa iliyoitwa Murambatsvina, iliyoangusha vibanda vya biashara na nyumba za watu wa mijini, Mbare ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania, Profesa Anna Tibaijuka, kwenda kuchunguza. Ripoti yake ya Julai 2005 ilikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi, njia ya kujipatia riziki, au vyote viwili. Ongeza hapo UKIMWI, uliokuwa umewazika wazazi wengi na kuwaachia mabibi malezi ya wajukuu. Watu walihitaji msaada wa nafsi kuliko wakati wowote, na wa kuwasaidia hawakuwapo.

Chibanda alipotaka kuanzisha huduma Mbare, wauguzi wa kumpa hawakuwapo kwa kuwa kazi za kliniki ziliwazidi, na vyumba vya kuzungumzia na wagonjwa navyo havikuwapo. Alichopewa ni mabibi 14 waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya za mtaa, na nafasi ya uani. Huenda mwingine angeona amepewa makombo. Mabibi hao walikuwa na vitu ambavyo chuo hakifundishi. Mtaa waliujua nyumba kwa nyumba, kufiwa walikuwa wamefiwa, na hawakuwa na mpango wa kuhamia kwingine. Watu waliwaita ambuya utano, yaani bibi wa afya.

Somo la kwanza walilitoa wao, wakampa daktari. Chibanda alitaka kiti kile kiitwe benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia wazi kwamba kwa jina hilo hakuna atakayekaa, maana nani anataka jirani zake wamwone ameketi kwenye kiti cha wenye matatizo ya akili? Wao wakaliita benchi la urafiki. Jina lilibadilika, na watu wakakaa. Daktari naye akatambua kwamba amekuja kufundisha na ameishia kufundishwa.

Lugha ya kitabibu nayo iliachwa mlangoni. Mabibi hawakumwambia mtu ana sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi, kuwaza mpaka mawazo yanazunguka pale pale kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Mswahili analijua jambo hilo. Ndiyo maana wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Neno hilo la Kishona limekubalika mpaka katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2013, kama mfano wa namna jamii moja inavyoeleza dhiki ya moyo kwa maneno yake.

Mazungumzo yenyewe hayaendi ovyo. Kuna maswali 14 yaliyotungwa Harare katika miaka ya 1990, kwa kufuata namna Washona wenyewe wanavyoeleza shida zao. Yanauliza juu ya wiki moja iliyopita: Je, ulikuwa ukiwaza sana? Ulikasirika kwa mambo madogo? Uliota ndoto za kutisha? Usingizi ulikupotea? Ulilia, au ulitaka kulia? Kazi zako zilizorota? Ulishindwa kuamua la kufanya? Liko pia swali gumu kuliko yote, kama mtu amefikiria kujiua. Majibu ya ndiyo yakifika tisa, bibi anajua kuwa aliyekaa kando yake amebeba zaidi ya uchovu wa kawaida.

Baada ya hapo kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mtu anamwaga yote, yasiyo na mpangilio pia, na kazi ya bibi ni kuyapokea. Ya pili ni kusimudzira, kuinua. Ya tatu ni kusimbisa, kutia nguvu.

Tuchukue mfano wa mama ambaye mume wake amepoteza kazi. Kodi ya nyumba imelala miezi miwili, ada ya mtoto haijalipwa, na yeye mwenyewe amegundua anaishi na virusi vya UKIMWI na hajamwambia mtu. Akiyatazama yote kwa pamoja anaona ukuta mmoja usio na mlango. Bibi hamwambii kwamba mambo yatakuwa sawa. Anamwomba ayataje moja moja, kisha anamuuliza: katika haya, ungependa tuanze na lipi? Mama anachagua kodi. Bibi anamsaidia kulifanya tatizo liwe na sura inayoshikika. Si maisha magumu tena. Ni kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba ametoa muda hadi mwisho wa mwezi. Njia zipo zipi? Kumwendea mwenye nyumba na kumwomba alipwe kidogo kidogo. Kumwambia dada yake ukweli. Kuchukua nyanya sokoni kwa mali kauli akauze mtaani. Mama anachagua moja, anasema ataifanya siku gani, na wiki inayofuata anarudi kueleza ilikwendaje.

Ukiangalia haraka utasema bibi hakufanya kitu. Hakutoa fedha, hakutoa dawa, wala hakutoa jibu. Lakini yule mama aliyekuja akiwa na ukuta mbele yake ameondoka akiwa na jambo la kufanya Alhamisi. Pengine kodi yenyewe itabaki ngumu. Kilichobadilika ni kwamba amejiona tena kuwa mtu awezaye kuamua.

Kwa mtu mzima wa Kiafrika, kunyamaza namna hii si kazi nyepesi. Bibi amezoea kutoa wasia, kukemea, kusema fanya hivi usifanye vile, na wanaomzunguka wamezoea kumsikiliza. Hapa anaombwa auache uamuzi mikononi mwa mdogo wake. Hekima yake haikupotea. Inatoka kwa njia nyingine, katika kisa kifupi cha maisha yake mwenyewe, methali iliyokaa mahali pake, au mkono begani wakati maneno yamekwisha.

Mikutano ya namna hii hufika hadi sita. Halafu mtu hukaribishwa katika kikundi kiitwacho Circle Kubatana Tose, ambacho jina lake linahimiza kushikana wote kwa pamoja. Humo wanakutana watu waliopita kwenye benchi. Wanazungumza huku mikono ikifanya kazi, wakifuma mifuko kwa plastiki iliyokwisha kutumika, na mifuko hiyo huuzwa. Yeyote aliyewahi kuwaona wanawake wa pwani wakisuka ukili wa mkeka atajua siri ya jambo hilo. Mikono ikishughulika, ulimi hulegea, na lile ambalo mtu angeona haya kulisema ana kwa ana hutoka lenyewe kati ya fundo na fundo.

Je, yote haya yanafaa kitu, au ni habari njema ya kusimulia tu? Chibanda na wenzake hawakutaka kutegemea shuhuda peke yake. Walilifanyia jambo hilo utafiti katika kliniki 24 za Harare, wakishirikisha watu 573 waliokuwa na dalili nyingi za dhiki ya moyo. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kliniki ziligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu moja watu walipelekwa kwenye benchi; katika nusu nyingine walipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, pamoja na elimu juu ya dalili zao na dawa kwa waliozihitaji. Miezi sita baadaye, katika kundi la huduma ya kawaida, watu 50 katika kila 100 walikuwa bado na sonona. Katika kundi la benchi walikuwa takriban 14 katika kila 100.

Matokeo hayo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, na wataalamu wa nchi tajiri wakaanza kupanda ndege kwenda kuwauliza mabibi wa Mbare wanafanyaje. Mabenchi hayo yalifika Malawi. Yalifika New York, ambako watu wanaishi ghorofa moja miaka na miaka bila kujuana majina. Mwaka 2022, wakati wa Kombe la Dunia nchini Qatar, Shirika la Afya Duniani liliweka mjini Doha mabenchi 32, kila moja likiwakilisha timu moja iliyoshiriki.

Yalifika na Zanzibar, na huko kuna jambo la kutafakari. Watu wa visiwani na wa mwambao hawakuhitaji kufundishwa maana ya benchi. Ukipita Mji Mkongwe, au vichochoro vya Lamu na Mombasa ya kale, utaona baraza za mawe zimejengwa pamoja na ukuta wa nyumba tangu mwanzo, ili mpita njia apate pa kukaa. Neno lenyewe linabeba maana mbili, kiti na kikao cha watu wanaoshauriana. Hata hivyo baraza ya nje kwa desturi ni ya wanaume, na mazungumzo yake ni siasa, mpira, na habari za mji. Mwenye jambo linalomtafuna moyo hulimeza pamoja na kahawa. Wanawake nao huzungumza uani, mara nyingi mbele ya mawifi na wakwe, na si kila neno linasemeka mbele ya wifi. Benchi la Mbare linaongeza kitu ambacho baraza haikuwa nacho: mtu mmoja aliyefundwa kusikiliza, aliyeketi pale kwa ajili yako, na ambaye hutamkuta jikoni kwako jioni.

Fikra kwamba msaada unaweza kutolewa na mtu asiye daktari imezaa matunda Kenya pia, safari hii kwa vijana. Tom Osborn, Mkenya, na mwenzake Katherine Venturo-Conerly walianzisha mpango walioupa jina la Kiswahili, Shamiri. Mahali pa mabibi, wao waliwatumia vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu, wakakaa na wanafunzi kwa makundi madogo, saa moja kila wiki, kwa wiki nne. Mazungumzo yao yana nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba uwezo na tabia ya mtu hukua kwa juhudi, havikuandikwa kwenye jiwe. Ya pili ni shukrani, kwa kukumbuka mambo mahsusi na kuyataja. Ya tatu ni kutambua maadili unayoyathamini, kisha kupanga namna ya kuyaishi.

Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa shule za sekondari za Nairobi na Kiambu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata masomo ya Shamiri. Jingine lilifundishwa mbinu za kujisomea kwa muda uleule. Makundi yote mawili yalipata nafuu, jambo linalodokeza kwamba huenda kukaa na kaka au dada anayekujali kuna faida yake peke yake. Lakini waliopata Shamiri walipungukiwa na sonona na wasiwasi zaidi.

Shukrani ya namna hiyo inatofautiana na ile ya kuambiwa shukuru, wenzako hawana. Kumwambia mwenye njaa ashukuru ni kumfunga mdomo. Kumwomba mwanafunzi amkumbuke mwalimu fulani, siku fulani, na neno alilomwambia, ni kumrudishia kitu chake alichokuwa amekisahau.

Upande wa pili wa benchi nao una habari yake. Anayetenda wema anapata nini? Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, alieleza pamoja na wenzake jaribio dogo walilofanya na watu 46. Asubuhi kila mmoja alipewa bahasha yenye dola 5 au dola 20. Wengine waliagizwa kuzitumia kwa ajili yao wenyewe kabla ya saa kumi na moja jioni, wengine wamnunulie mtu kitu au watoe sadaka. Jioni walipoulizwa hali zao, waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na tofauti ya dola 5 na dola 20 haikuonekana. Watafiti walipowauliza watu wengine wabashiri matokeo, wengi walikosea: walidhani dola 20 za kujitumia mwenyewe zingeleta furaha kubwa kuliko zote.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Kanada, kwenye shibe. Ndiyo maana mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake, Dunn akiwamo, walichapisha utafiti mwingine ambamo watu wa Kanada na wa Uganda waliombwa wakumbuke siku walipotumia fedha kwa ajili yao au kwa ajili ya mwingine. Nchi zote mbili zilitoa jibu moja. Waliokumbuka kumtendea mwingine walijisikia vizuri zaidi, hata pale ambapo kutoa kwenyewe kulihusu shida, kama kumnunulia mgonjwa dawa.

Mabibi wa Zimbabwe, ambao sasa ni wengi, wanaijua hali hiyo kwa kuiishi. Wanashinda wakisikia habari za vifo, vipigo, na njaa, na mtu angetarajia kuwa wao ndio wangevunjika kwanza. Wanaendelea. Kwa mwanamke ambaye dunia imeanza kumwona amekwisha kazi yake, kuketi mahali ambapo mtu anangoja neno lake ni jambo la heshima na la uhai.

Ni haki pia kusema benchi lisichoweza. Haliongezi mshahara, halizuii bomoabomoa, wala halitibu kila maradhi ya akili. Bibi akimwona mtu aliyefikiria kujiua, au anayeona na kusikia visivyokuwapo, hamkalii kimya. Anampeleka kwa muuguzi au msimamizi, na wao, ikibidi, humpeleka hospitali. Popote alipo, mtu wa namna hiyo anahitaji kufikishwa kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Miaka mingi imepita tangu simu ile ya mama aliyekosa dola 15. Kwa mkazi wa Mbare leo, nauli haihitajiki. Anafunga mlango, anawaachia jirani funguo, anakwenda kwa miguu mpaka kliniki na kuketi. Bibi anasogea kidogo kumpa nafasi, anauliza habari za watoto, kisha anarudi pale walipoishia: siku ile waliyokubaliana ilipofika, alikwenda kwa mwenye nyumba?

Alikwenda. Walielewana nusu. Basi wanaanza kuzungumza juu ya nusu iliyobaki.